Kilima kikipasuka, usingoje kupambazuke

 

Jumapili ya leo sitazungumzia karo wala mapishi. Ningependa tuzungumze kuhusu kilima. Naam, kilima kile kilicho nyuma ya nyumba ya mama yako kule mashambani, ambacho umekiona tangu utotoni na ambacho pengine hujawahi kukifikiria hata siku moja. Mimi pia sikuwa nimekifikiria. Aliyenifumbua macho ni kijana aliyekuwa maelfu ya kilomita kutoka hapa, miguu yake ikiwa kwenye theluji.

Simu ya Jumamosi usiku

Ilikuwa Aprili 2024. Utakumbuka jinsi mvua ya masika ya mwaka huo ilivyonyesha bila huruma, hata watu zaidi ya 250 wakapoteza maisha nchini kote. Watoto wangu wawili walikuwa likizoni kwa shangazi yangu aliyeolewa Silibwet, katika Kaunti ya Bomet, si mbali na hospitali ya Tenwek. Kwetu sisi Wakalenjin dada ya baba huitwa senge, na nyumba ya senge ni nyumba yako.

Shule zilitarajiwa kufunguliwa Jumatatu, Aprili 29. Kwa hivyo Ijumaa nilipanda matatu Nairobi, nikapitia Mai Mahiu na Narok, nikafika Silibwet jioni huku kunanyesha. Kama umewahi kufika sehemu hizo unajua uzuri wake: vilima vilivyovikwa chai kama zulia, na mto Nyangores ukiteremka kutoka msitu wa Mau. Jioni hiyo mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na sauti yake ilisikika kutoka mbali.

Jumamosi saa tatu usiku simu ililia. Alikuwa mwana wa shangazi, binamu yangu, anayesoma Colorado, Marekani, kwa msaada wa masomo alioupata kwa sababu ya mbio. Tangu Philip Boit alipotuwakilisha katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998, Mkenya aliyevaa mbao za kutelezea kwenye theluji si kioja tena. Binamu yangu naye alikuwa amezoea kwenda milimani na wanafunzi wenzake. Hawaendi mahali pa kulipia tiketi, penye walinzi na mashine za kupandishia watu. Huenda kwenye milima yenyewe, mahali ambapo hakuna mtu wa kukuambia pita hapa au usipite pale.

Kwao ilikuwa saa sita mchana, nao walikuwa wamekwisha kushuka.

"Mbona mapema hivyo?" nikamuuliza.

"Dada, majira haya mlima una saa zake," akanijibu.

Akanieleza. Mwishoni mwa baridi kali, usiku theluji huganda ikawa ngumu kama sakafu. Jua likichomoza, tabaka la juu huanza kuyeyuka. Maji hupenya polepole hadi chini, yakalegeza kile kilichokuwa kimeshikana, na adhuhuri ikifika mlima mzima unaweza kuporomoka. Ndiyo maana wenye busara huondoka kabla ya alfajiri wakitumia tochi, na kabla ya adhuhuri wawe wamekwisha kutoka kwenye mteremko. Siku hiyo wao hata hawakufika kileleni. Waliona vipira vya theluji vikibingirika vyenyewe kutoka juu, na miguu yao ikaanza kuzama hadi magotini. Wakageuka na kurudi.

Kisha akanyamaza kidogo. "Dada, ule ufa ulio nyuma ya nyumba ya mama bado upo?"

Sikujua habari za ufa wowote.

"Mama aliutaja mwezi uliopita, nikacheka. Sasa nimehudhuria somo la maporomoko ya theluji siku mbili nzima, na kila mwalimu alipochora mlima ubaoni mimi niliona nyumba yetu. Watoto wako wanalala chumba kipi?"

Watoto wangu, msomaji, walikuwa wanalala chumba cha nyuma. Kile kilicho karibu kabisa na ukingo.

Tulichokifanya sisi wenyewe

Asubuhi ya Jumapili mvua ilipopungua nilivaa gambuti, nikapanda nyuma ya nyumba pamoja na kijana wa jirani. Ufa ulikuwapo. Ulikuwa umejikunja kama mwezi mwandamo, urefu wake hatua 14, na vidole vyangu viwili viliingia ndani yake bila shida. Nguzo mbili za ua zilikuwa zimeinama kuelekea nyumbani.

Nilisimama pale nikakumbuka mambo mawili yaliyonitia haya.

La kwanza ni la mwaka 2003, nilipokuwa msichana mdogo wa shule. Marehemu mume wa shangazi aliamua kujenga nyumba ya matofali. Ili apate uwanja wa kutosha alichimba sehemu ya chini ya kilima, akakiacha kimesimama wima kama ukuta. Sisi watoto ndio tuliobeba udongo kwa toroli, tena kwa nyimbo na vicheko. Hakuna aliyefikiria kwamba tulikuwa tunakata mguu wa kilima, ilhali sehemu ya juu ilikuwa inauegemea mguu huo.

La pili ni la miaka michache kabla ya mvua hii. Juu ya nyumba palikuwa na mikaratusi mirefu. Ilikatwa yote ikauzwa kuni, visiki vikang'olewa ili pandwe mahindi. Fedha hizo ndizo zilizomnunulia binamu yangu tiketi ya ndege. Usiku ule kwenye simu alilisema mwenyewe: "Miti ile ndiyo iliyonileta huku."

Simlaumu mtu. Ni nani katika nchi hii ambaye hajakata mti ili amsomeshe mtoto? Lakini mizizi ya miti hushika udongo kama nyuzi zinavyoshika kitambaa. Mti ukikatwa na kisiki kikafa, mizizi haiachi kazi siku hiyo hiyo. Huoza polepole kwa miaka kadhaa, na kilima huzidi kulegea wakati ambapo kila mtu amekwisha kusahau kwamba palikuwa na miti.

Maji hufanya nini ndani ya udongo?

Kila mtoto aliyecheza na tope anajua kwamba udongo wenye maji kidogo hushikana vizuri kuliko mchanga mkavu. Lakini maji yakizidi hujaza nafasi zote zilizo kati ya chembe za udongo, yakazisukuma zisishikane tena. Wakati huo huo kilima chote kinakuwa kizito. Na chini, pale udongo unapokutana na mwamba au tabaka gumu lisilopitisha maji, maji hutuama yakafanya mahali hapo pateleze kama sakafu iliyomwagiwa sabuni.

Kwa hivyo tofauti kati ya Colorado na Silibwet si kubwa kama unavyodhani. Kule theluji hulowa kwa jua la mchana. Huku udongo hulowa kwa mvua, na katika nchi ya chai mvua hupenda kuja alasiri ikaendelea hadi usiku. Kule saa ya hatari ni adhuhuri, watu wakiwa macho. Kwetu saa ya hatari aghalabu ni usiku wa manane, watu wakiwa wamelala.

Tazama yaliyotukia. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, vilima vya Pokot Magharibi viliporomoka katika vijiji kama Nyarkulian na Parua, na watu zaidi ya 40 wakafa. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang nchini Tanzania vikaufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya karibu. Waliofariki walizidi 80. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, ilikuwa zamu ya Chesongoch, Elgeyo Marakwet, ambako zaidi ya watu 25 waliangamia. Na jirani zetu wa Bududa, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hawatausahau Machi 1, 2010, udongo ulipokifunika kijiji cha Nametsi. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Wala usidhani walio na fedha wameepukana na balaa hili. Mnamo Februari 23, 1999, theluji iliporomoka juu ya kijiji cha Galtür nchini Austria, ikawaua watu 31. Wengi hawakuwa wakiteleza milimani. Walikuwa kijijini, majumbani na barabarani.

Maswali manne

Binamu yangu alinifundisha kwa simu maswali manne ambayo walimu wake humtaka mtu ajiulize kabla ya kukanyaga mteremko. Nimeyageuza kidogo yafae udongo. Yakate uyabandike ukutani ukipenda.

Swali la kwanza: mteremko ni mkali kiasi gani? Theluji hupenda kuporomoka kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Mwanafunzi, chukua karatasi ya mraba uikunje kona hadi kona, nawe umepata nyuzi 45. Ukiikunja pembe moja mara tatu sawasawa, umepata 30. Ishike mbele ya jicho uulinganishe na mlima. Lakini tahadhari: udongo uliokatwa chini kwa ajili ya nyumba au barabara unaweza kuporomoka hata pale ambapo mteremko si mkali sana.

Swali la pili: siku zilizopita kumenyesha kiasi gani? Usiitazame mvua ya leo peke yake. Mvua ya wastani iliyonyesha siku kumi mfululizo huweza kukiandaa kilima, kisha mvua kubwa ya saa mbili ikamaliza kazi. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kama unavyosikiliza matokeo ya kandanda.

Swali la tatu: kilima kinasema nini? Dalili ya mvua ni mawingu, na kilima nacho kina mawingu yake. Nyufa ardhini. Miti, nguzo na ua vinavyoinama. Mlango au dirisha lililokuwa likifunguka vizuri ambalo sasa linakwama. Ufa mpya ukutani au sakafuni. Chemchemi mpya mahali pakavu, au chemchemi ya zamani iliyogeuka matope. Kijito kinachopungua maji ghafla ilhali kunanyesha, kwa maana huenda kimezibwa huko juu na kitakuja chote kwa pamoja. Mawe madogo yanayobingirika. Na mwisho kabisa, ngurumo isiyo ya radi. Ukiisikia hiyo, muda wa kufikiri umekwisha.

Swali la nne: kikianguka, kitaishia wapi? Hili ndilo swali tunalolisahau kuliko yote. Wengi hutazama ukingo ulio nyuma ya nyumba tu. Tope lililochanganyika na maji hufuata bonde na mkondo wa mto, likaenda mbali sana na pale lilipoanzia. Aliyejenga bondeni kwenye uwanja mzuri tambarare, karibu na kijito, huenda yumo njiani bila kujua.

Jumapili hiyo nilijibu maswali yote manne kwa ajili ya nyumba ya shangazi. Sikupata jibu hata moja la kunipa usingizi.

Vigingi viwili

Shangazi hakutaka kusikia neno. "Nyumba hii niliijenga na marehemu," alisema. "Kilima hiki kilikuwapo kabla yangu na kitakuwapo baada yangu. Na ng'ombe nani atawakamua? Watu watasema nini, kwamba nimeukimbia udongo?"

Sikubishana naye, kwa sababu mtu mzima habishiwi nyumbani kwake. Nilichofanya ni kuwahamisha watoto kutoka chumba cha nyuma hadi sebuleni. Kisha nikapigilia vigingi viwili, kimoja juu ya ufa na kingine chini yake, nikapima katikati yao kwa utepe wake wa kushonea. Sentimita 40 kamili. Hii ni mbinu rahisi ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza, na faida yake ni kwamba inamaliza ubishi. Nikupime na unipime, lakini utepe hauna upande.

Jioni ya Jumapili nilipanda tena. Sentimita 41. Tulikuwa tumepanga kuondoka siku hiyo, lakini barabara ya kijijini ilikuwa tope tupu na hakuna gari lililothubutu kupanda.

Jumatatu alfajiri tulikuwa tumezunguka meko tukinywa chai redio ilipotangaza mambo mawili. La kwanza, kufunguliwa kwa shule kumeahirishwa kwa sababu ya mvua. La pili lilitufanya tuweke vikombe chini. Usiku huo huko Mai Mahiu maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka za mafuriko, yalilipuka na kuteremkia vijijini. Watu wengi walisombwa vitandani. Baadaye tulijua kwamba waliokufa walizidi 50. Ni Mai Mahiu ile ile niliyoipita Ijumaa, nikanunua mahindi ya kuchoma kupitia dirisha la matatu.

Shangazi aliinuka bila kusema kitu akaenda kufungua mlango wa nyuma. Ulikwama. Akausukuma kwa bega. Haukusogea. Siku iliyotangulia ulikuwa ukifunguka.

Nilikimbia juu na utepe. Sentimita 44.

Niliporudi nilimkuta amekwisha kufunga ndani ya mfuko wa nailoni hati ya shamba, kitambulisho, kadi ya majani chai na picha ya marehemu. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, twende kwa shemeji. Lakini ng'ombe tunaenda nao."

Kicheko cha majirani

Tulienda kwa shemeji yake, yapata mita 200 kando, juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo hapana mteremko mkali juu wala mkondo chini. Mimi na watoto tulirudi Nairobi siku chache baadaye kwa njia ya Kericho na Nakuru. Shangazi alilala huko usiku tisa.

Na sasa, msomaji, labda unangoja nikuambie kwamba nyumba ilizikwa. La hasha. Hakuna kilichoanguka. Siku ya kumi jua liliwaka, na majirani wakaanza kumcheka shangazi kwenye kituo cha kununulia majani chai. Walimwita mkimbizi wa kilima kilichosimama. Alinipigia simu akiwa na hasira: "Umeniaibisha."

Nilikosa la kumjibu. Nikampigia binamu yangu, naye akaniambia jambo ambalo sitalisahau. Alisema siku ile walipogeuka njiani, wenzao waliwacheka pia chuoni, kwa maana hakuna theluji iliyoporomoka na hawakuwa na picha ya kileleni. "Dada, aliyegeuka hana hadithi ya kusimulia. Ndiyo maana watu hawapendi kugeuka."

Akaniongezea kwamba kule taarifa za maporomoko ya theluji hutolewa kwa ngazi tano. Unadhani watu wengi hufa siku za ngazi ya tano? Sivyo. Siku hiyo kila mtu hukaa nyumbani. Wengi hufa siku za katikati, ngazi ya tatu, wakati hatari ipo lakini mlima unaonekana mzuri na jirani yako anapanda.

Ngazi ya tatu ndiyo tunayoishi ndani yake mashambani kila masika. Kilima kina ufa, lakini kimesimama. Mvua inanyesha, lakini ilinyesha mwaka jana pia. Jirani amelala, kwa hivyo nami nitalala.

Katikati ya Mei afisa wa kilimo alikuja akapima. Umbali kati ya vigingi ulikuwa sentimita 58, na upande wa chini ulikuwa umeshuka kimo cha ugoko. Kilima kilikuwa kimetembea, msomaji, kisha kikapumzika. Alishauri mtaro uchimbwe juu kuyageuza maji yaende kando, nyufa zijazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa ili mvua isiingie, mahindi yaondolewe pale na pandwe nyasi na miti yenye mizizi ya kushika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, nao hawakuwa wakitania. Lakini akasema pia kwamba nyumba ile isilaliwe tena wakati wa mvua.

Leo nyumba ya matofali ni ghala. Shangazi ana vyumba viwili vya mabati kwenye mgongo wa kilima, vilivyojengwa kwa fedha alizotuma mwanawe. Si vizuri kama ile ya kwanza, naye haachi kulisema hilo. Lakini masika yaliyofuata, ilipoanza kunyesha usiku, jirani wawili wenye nyumba chini ya ukingo walikuja kumwomba mahali pa kulaza watoto wao. Hakuwacheka.

Wewe uliye mjini

Huenda unasoma haya ukiwa Umoja au Langas, mbali na kilima chochote. Usidhani hayakuhusu. Wewe ndiwe mwenye simu, na mara nyingi wewe ndiwe mwenye nauli. Mzee wa kijijini hatahama kwa sababu ya redio. Atahama mtoto wake akimwambia, tena akimwambia pa kwenda.

Kwa hivyo mvua ikianza, unapopiga simu nyumbani kuuliza habari za ng'ombe, uliza na haya. Kuna ufa? Kuna mlango unaokwama? Mtalala wapi usiku wa mvua kubwa, na mmekubaliana na mwenye nyumba hiyo? Nani anajua idadi ya watu wanaolala katika kila nyumba? Hili la mwisho si dogo. Wanaokwenda kwenye theluji hubeba chombo cha kutoa ishara, fimbo ndefu ya kupekulia na sepetu, kwa sababu aliyefunikwa ana nafasi nzuri ya kupona akifukuliwa katika dakika 10 hadi 15 za kwanza. Kwa muda huo hakuna helikopta itakayofika. Atakayekufukua ni aliye karibu nawe, naye lazima ajue kwamba ulikuwapo.

Hameni mchana, kabla ya giza. Mkikutwa na ngurumo, msikimbie kuteremka mbele ya udongo wala msifuate bonde. Kimbieni kando, mtoke kwenye njia yake, mpande mahali palipoinuka. Msivuke kijito kilichogeuka tope. Na udongo ukishaanguka, msiusonge wote kwa pamoja. Huko Gofa, Ethiopia, Julai 22, 2024, watu walijitokeza kuwafukua majirani zao, na kilima kikaporomoka mara ya pili juu yao. Waliokufa walizidi 200. Wekeni mtu wa kutazama juu wakati wengine wanachimba, naye akipiga kelele, wote waondoke. Mjulisheni chifu, na pigeni nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo hailipiwi.

Nanyi wanafunzi mnaopenda kupanda milima likizoni, msipige hema kwenye mkondo mkavu wala chini ya ukingo uliokatwa. Mkiona mlima umeanza kusema, geukeni. Mtachekwa siku moja, na mtakuwa hai kuwasikia wanaowacheka.

Vigingi vya shangazi bado vipo nyuma ya ghala. Kila Jumapili baada ya kanisa hupanda na utepe wake wa kushonea, akapima, kisha akanitumia tarakimu kwa simu bila neno jingine. Wiki iliyopita ilikuwa 61. Nimeiandika kwenye kalenda iliyo jikoni, na watoto wangu huniuliza kabla ya kuuliza chakula.

 Na kabla hujaikunja kurasa hii, piga simu nyumbani.